Mifupa Mia Mbili na Saba

Matisi, Kitale
Jumapili, 12 Januari 2025

Ndugu yangu Kiarie,

Salamu kutoka Matisi, na za mwaka mpya pia, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Mimi niko, ila goti la kushoto linagoma nikikanyaga cherehani asubuhi ya baridi. Mwanangu Muigai amepata kazi kwenye ghala la mbegu hapa mjini. Amekonda, lakini anaamka bila kuitwa, jambo ambalo sikulitegemea kuliona kabla sijafa. Je, wifi yangu Gladwell hajambo? Krismasi niliambiwa hakuonekana kanisani, na wewe ukakaa nyuma peke yako.

Najua unashangaa kupata karatasi siku hizi. Lakini tangu Septemba umenifungia kwenye simu. Nikipiga inakatika, nikiandika alama inabaki moja tu. Kila jioni saa kumi na mbili tuko wote kwenye lile kundi la simu la Bongo Moto, wewe na mimi na wale watu wengine kumi na saba, unatuuliza mto mrefu na mlima mfupi, na sheria yako ni kwamba mambo ya nyumbani hayaandikwi humo. Sasa nikusemeshe wapi? Nikafikiria hivi: ujumbe wa simu unaufuta kwa kidole bila kusoma. Karatasi huwezi. Tangu utoto hujawahi kutupa karatasi yenye maandishi, hata ile iliyofungia sukari ulikuwa unaikunjua uisome. Nimempa Chesang, yule mama anayenunua kuku huko Ndalu na kuuza hapa sokoni. Amekubali kuwa posta yetu.

Nilivyokuwa nikikuita zamani ni Baba Linah. Siku hizi sijui nikuiteje. Nilitaja jina la mtoto wako mara moja ukanifungia, na hapa nimelitaja tena, kwa hivyo kasirika sasa hivi, kisha endelea kusoma.

Mwaka wa pili huu. Mtoto ni mmoja tu Mungu alikupa. Hutaki hata kujua kama anakula?

Nisikuchoshe. Yule jirani yangu niliyemwingiza kundini Novemba, Mulki, anakusalimu. Anapenda sana maswali yako.

Dada yako,
Rosaline


Ndalu
Jumapili, 2 Februari 2025

Dada Rosaline,

Barua niliipata kutoka kwa Chesang pamoja na alama ya mguu wa kuku juu ya bahasha. Nimeisoma mpaka mwisho. Usijipongeze.

Huku tumemaliza kupukuchua mahindi. Mashine ya posho nimeibadilishia mkanda, inanguruma vizuri, na kadiri inavyonguruma ndivyo masikio yangu yanavyozidi kwenda. Simu ikiniita siku hizi naihisi mfukoni tu, sauti ya anayeongea siipati. Ndiyo maana nalipenda kundi. Pale hakuna anayenipigia kelele ati "umesikia?" Gladwell ana homa ya kawaida, itaisha.

Kuhusu jina la kuniita, hapa Ndalu nimewaambia waniite Mzee wa Posho na wamezoea.

Sasa hilo lingine nitalijibu mara moja, nisiulizwe tena. Mtoto yule nilimleta kwako ajifunze kushona. Kwako ndiko alikomjua Osman, yule muuza vitambaa wa karibu na msikiti. Kijana sikuwa na neno naye, hata leo sina. Lakini binti wa kwanza huitwa kwa mama ya baba yake, unajua, na mimi nilimpa jina la mama yetu, Nyaruai. Mama alikuwa ametoka kufa mwezi mmoja tu. Nilipombeba mtoto yule nikamwita, niliona kama mama amerudi nyumbani. Halafu anasimama sebuleni kwangu na miaka yake ishirini na tatu, ananiambia hataitwa tena Linah Nyaruai, amepata jina lingine, la dini ya Osman anayemwoa. Sikungoja kulisikia. Nilimwambia jina hilo halitatamkwa katika nyumba yangu, atoke nalo. Akatoka. Niliyasema na sijayala maneno yangu.

Tuongee la maana. Huyo Mulki wako ana mchezo. Sheria ya kundi ni kwamba anayejibu kwanza ndiye anayeuliza swali linalofuata. Yeye anajibu kwanza karibu kila siku, kabla hata Kimotho wa Naitiri hajavaa miwani, na ikifika zamu yake ya kuuliza anaandika, "Namrudishia mwalimu." Kila mara. Kwa hivyo inabidi niulize mimi tena, naye anajibu tena. Maswali yangu yanatoka kwenye lile daftari langu la zamani, lenye jalada la kalenda, na mengine nina hakika hayajulikani na mtu wa Matisi. Mtu anayejua majibu yote na hana swali hata moja, huyo anachungulia kwenye Google. Mwambie nimemwona.

Kiarie


Matisi, Kitale
Jumapili, 16 Februari 2025

Ndugu yangu, Mzee wa Posho,

Kama ndiyo unavyopenda, haya. Asante kwa kunijibu. Niliisoma barua yako nikiwa kibandani na nikasahau shati la mteja chini ya pasi, sasa nina shati lenye dirisha mgongoni.

Goti limetulia. Muigai ameniletea mbegu za sukuma za bure, nimezipanda kwenye mikebe. Hapa wenye mifugo wanalilia nyasi.

Gladwell ana homa gani, Kiarie? Kwenye barua uliiandika mstari mmoja. Chesang ananiambia alimkuta amekaa nje kwenye jua na miguu kwenye beseni, na hakuinuka kumsalimu. Gladwell ninayemjua mimi huinuka hata kwa mgeni asiyempenda. Niambie ukweli. Kama anahitaji kuletwa hospitali ya huku, chumba kipo.

Mulki hachungulii popote, hilo naweza kukuapia juu ya kaburi la mama. Anapika, simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi, swali linaingia na anajibu na mikono ina unga. Nimemwona kwa macho yangu. Ana mimba kubwa, daktari amemwambia asitembee sana, na hilo kundi lako ndilo linamfanya ashinde siku. Kuanzia saa kumi na moja anaanza kutazama saa. Ukichelewa dakika tano ananiuliza kama huko Ndalu stima imepotea. Siku ile uliyoandika "Pointi moja kwa Mulki, huyu msichana ana kichwa," aliniletea simu mpaka kibandani nikaisoma, akarudi nayo, kisha akaileta tena.

Kwa nini hataki kuuliza, ni yeye anajua. Mvumilie tu. Nakuomba, na mimi si mtu wa kukuomba vitu.

Linah ni mzima. Hilo tu ndilo nina ruhusa ya kulisema. Niliapishwa, na kiapo chenyewe ni kwamba habari zake zisikufikie kwa njia yoyote. Alikuandikia jumbe zaidi ya arobaini mwaka juzi na zote ulizifuta bila kufungua. Hataki nyingine ifutwe.

Rosaline


Matisi, Kitale
Jumatatu, 24 Machi 2025

Kiarie,

Leo nafupisha. Sisi wazima. Mulki amejifungua salama Jumatano iliyopita, msichana, mzito, mwenye sauti.

Nimeona ulichoandika kundini, kwamba Mulki aulize swali lake mwenyewe ifikapo Jumanne jioni au atolewe, na kila mtu akaweka kidole cha kukubali. Usifanye hivyo. Nakuandikia mbio, utaona maandishi. Hata ukinifungia maisha yangu yote, hata ukisema mimi si dada yako, huyo msichana usimtoe. Siwezi kueleza. Kama unaniheshimu kidogo kwa sababu nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, usimtoe.

Na Gladwell? Bado hujanijibu tangu Februari.

Chesang anapita kesho asubuhi, atakufikishia kabla ya jioni.

Rosaline


Ndalu
Jumatano, 26 Machi 2025

Dada Rosaline,

Nimekaa kimya kwa sababu ya kulima. Mvua imeanza kunyesha kwa kujaribu-jaribu, tumepanda ekari moja kwa imani. Chesang hajapita wiki hii, kwa hivyo hii itamngojea.

Nina habari ya kukuchekesha. Mulki wako amenaswa. Jana ilikuwa siku yake ya mwisho ya kuuliza. Saa kumi na mbili ikafika, hana swali. Nikasema nifungue mimi, na kwa huruma nikachukua swali la darasa la nne ili kila mtu apate: mtu mzima ana mifupa mingapi? Mulki akajibu wa kwanza kama kawaida. Unajua aliandika nini? "207." Hakuongeza kitu kingine. Watu kumi wakaandika 206 chini yake. Kimotho akaandika, "Bana, leo bando imemwishia," na kundi lote likacheka, nimesahau lini liliwahi kucheka hivyo. Na ni kweli. Siku Google haipo ndiyo siku ameshindwa na swali ambalo mtoto anajibu. Nikamwandikia, "Mulki, leo umejiuza mwenyewe. Kwaheri," nikamtoa.

Nasikia vibaya kidogo kwa sababu umesema ana mimba kubwa. Lakini sheria ni sheria.

Jumapili, 30 Machi

Naendelea. Chesang bado. Wanasema amefiwa, yuko kwao Kapsara.

Rosaline, nimefanya nini?

Leo baada ya ibada nilitoa daftari ili nipige alama ya penseli kwenye maswali niliyouliza wiki hii, kama ninavyofanya kila Jumapili. Swali la mifupa nililiuliza kutoka kichwani, daftari sikulifungua. Lipo ukurasa wa hamsini na tatu. Swali, kwa mwandiko wangu. Jibu, kwa mwandiko wangu, kalamu nyekundu: 207. Na pembeni kuna mchoro wa mkono mdogo.

Nilikuwa nimesahau. Miaka kumi na saba iliyopita, Linah akiwa na miaka minane, alianguka kutoka juu ya magunia mle kwenye mashine akavunjika mkono. Siku tatu hakula wala kuongea. Nilikuwa namuuliza maswali ya daftari tukipukuchua mahindi, gunzi moja swali moja, nikaona nijaribu hilo. Nikamuuliza mtu ana mifupa mingapi. Akasema kwa uvivu, mia mbili na sita. Nikamwambia umekosa, wewe una mia mbili na saba, kwa sababu mmoja umekuwa miwili. Akacheka mpaka akakohoa. Akanilazimisha niandike kwenye daftari, na tangu siku hiyo nikimuuliza anajibu 207 na mimi nampa pointi. Hakuna mtu mwingine chini ya jua angeandika jibu hilo. Alijua majibu yangu yote kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Alipoona imefika siku ya kutolewa, akanionyesha mkono wake uliovunjika, nami nikamcheka mbele ya watu.

Nimekufungulia simu leo hii. Nimekutumia ujumbe mara nne, naona umesoma. Unijibu. Namba ya Mulki nimeiandikia, haipokei. Niambie kama ni yeye. Niambie yuko wapi.

Jumanne, 1 Aprili

Chesang amekuja asubuhi na barua yako ya tarehe 24. Alikuwa nayo mfukoni mwa koti la matanga wiki nzima. Nimeisoma nimesimama, mashine ikizunguka bila mahindi.

Sasa na mimi nikuambie nililokuficha. Gladwell hana homa. Ni moyo. Alipimwa Bungoma mwezi wa kumi na mbili. Daktari alisema umechoka, umetanuka, na kwamba hakuna la kufanya ila vidonge na kungoja. Miguu imevimba mpaka magotini. Sikukuambia kwa sababu mgonjwa akitangazwa watu huja, na wakija watauliza mtoto yuko wapi. Kila asubuhi Gladwell ananiuliza mimi. Kila asubuhi namwambia anywe dawa kwanza. Jana alianguka akienda kuchukua maji ya kunawa, na tangu hapo hajaondoka kitandani. Siwezi kumwacha nije Matisi kugonga milango nisiyoijua.

Nampa Chesang hii sasa hivi. Nimemwambia asiuze kuku hata mmoja kabla hajakupa.

Rosaline, sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Kiarie


Matisi, Kitale
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Baba Linah,

Ndiyo. Ni yeye.

Jumbe zako niliziona, zote nne. Sikujibu kwa sababu ya kiapo, na usiku sikulala, na sasa nimekivunja kwenye karatasi, Mungu atanihukumu na karatasi yangu. Anaishi nyuma ya kibanda changu, nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Toka kwangu mpaka kwake ni hatua themanini. Mwaka mzima ulipokuwa ukiniuliza kundini miji mikuu ya dunia, nilikuwa nashona nikimsikia akiimba.

Wazo la kuingia kundini lilikuwa lake. Alisema, "Shangazi, ninunue namba mpya, niingie kwa jina langu la sasa, nimsikie tu baba akiuliza." Nilimwambia utamjua mara moja. Hukumjua. Alipokuwa anarudisha zamu hakukosa swali, Kiarie. Alirudisha ili uulize wewe tena. Alikuwa anataka maswali ya daftari moja baada ya jingine kama zamani, hiyo tu. Na lile jina uliloapa halitatamkwa, umeliandika wewe kwa mkono wako kila jioni kwa miezi minne na nusu, na sifa umempa nalo.

Jioni ile ulipomtoa nilikwenda mbio, goti au hakuna goti. Nilimkuta amemlaza mtoto mapajani, simu iko sakafuni. Akaniambia, "Baba amenifukuza mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimesimama mlangoni tu." Akatoa ile kadi ya simu akaivunja. Hajalia. Afadhali angelia. Jumatatu ilikuwa Idi, Osman aliniletea sahani ya pilau na macho yake yamevimba, akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu aliyekaa kimya hivyo. Nikamwambia nimemwona baba yake.

Na wewe ulinificha Gladwell. Miezi minne. Ningemwambia Desemba, angekuja Desemba, akiwa na miguu ya kutembea. Mimi nimekuficha mtoto aliye hatua themanini na wewe umenificha mke wa ndugu yangu anayekufa, na tukaandikiana habari za goti na mkanda wa mashine. Sijui nani kati yetu aanze kuomba msamaha. Tuache.

Jana nilimwambia kuhusu mama yake. Hapo ndipo alipolia. Anataka kuja hata kwa kutambaa. Lakini anasema hawezi kuingia na mtoto wake katika nyumba ambayo jina la mama wa mtoto haliruhusiwi kutajwa, afukuzwe mara ya tatu mbele ya kitanda cha mgonjwa. Nilimwambia nitakuandikia. Akafikiria sana. Halafu akasema kuna zamu nyingi za kuuliza alizokurudishia, na sasa anaichukua moja. Swali lake ni hili, nimeandika kama alivyolisema:

"Binti yangu anaitwa nani?"

Anasema ulilete jibu mwenyewe, kwa mdomo, Jumamosi. Mimi nimekatazwa kukusaidia, na hiki kiapo nitakitunza. Chesang amekubali kukaa na Gladwell siku hiyo. Ndiye aliyeniambia, hata sikumwomba.

Njoo, Kiarie.

Rosaline


Ndalu
Jumanne, 8 Aprili 2025

Dada Rosaline,

Hujambo, na goti je? Nilipita kibandani kwako Jumamosi nikakuona umeinamisha kichwa kwenye cherehani isiyokuwa na kitambaa. Nilielewa. Asante kwa kutonitazama.

Swali lake nililibeba siku mbili. Nilikaa kwenye mashine nikaandika majina nyuma ya karatasi ya unga. Niliandika ya kwao Osman, kwa sababu binti wa kwanza ni wa mama ya baba yake. Niliandika Gladwell. Niliandika hata Rosaline. Mwishowe nikaichana karatasi ile, na ndiyo ya kwanza kuichana maishani mwangu.

Mlango wa bluu niligonga. Aliongea akiwa ndani, sikupata neno. Nikagonga tena, akaongea tena, sikusikia. Masikio haya yamenisaidia mara moja tu, nayo ni hiyo, kwa maana ilibidi afungue. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake, kile cha maua ya njano. Akaniuliza kwa sauti kubwa, ya kumfikia kiziwi, "Jibu lako?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hujui au hutaki?" Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Nimeshindwa." Nilifikiri atafunga. Osman akatoka nyuma yake na mfuko wa nepi begani, akasema, "Shikamoo baba, gari liko tayari." Alikuwa ameliazima gari la jirani tangu asubuhi, kabla hajajua kama nitakuja. Nikaitika marahaba. Hakuna aliyeniambia jina njia nzima, na mimi sikuuliza, kwa sababu haikuwa zamu yangu.

Chesang alitufungulia. Gladwell alikuwa hajasema neno tangu Ijumaa. Vidonge vilikuwa vinabaki mdomoni. Linah akapanda kitandani na viatu vyake, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akashika ule mkono wa mama akauweka juu ya mgongo wa mtoto. Kisha Gladwell akafungua macho, akatazama, akamjua. Hakusema kitu kuhusu miaka miwili. Linah akamwambia, kwa sauti ya kunifikia na mimi pale mlangoni, "Mama, huyu ni Nyaruai."

Rosaline, nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa tu. Nilimfukuza mtoto wangu kwa sababu alilitupa jina la mama yetu, naye alikuwa anakwenda kulitunza mahali ambapo singelifikia kwa hasira zangu. Osman ndiye aliyekubali jina la mama yake lingoje. Nililia mbele ya Chesang na mbele ya yule kijana na sikuficha uso.

Gladwell akasogeza midomo. Sauti sikuipata, lakini midomo hiyo nimeisoma miaka yote ya mashine, siikosei. Aliuliza, "Nyaruai wa nani?"

Linah akanitazama mimi, kisha akatazama mlango, kama mtu anayepima umbali. Nilijua anaogopa kulitaja jina lake ndani ya nyumba yangu.

Nikajibu mimi kwanza. Nikasema, "Wa Mulki."

Nililisema kwa nguvu mpaka mtoto akashtuka. Gladwell akaitikia kwa kichwa, akafunga macho, na mkono wake ukabaki pale mgongoni. Yupo bado. Daktari wa Naitiri alikuja jana akasema ni siku, si wiki. Anakunywa uji kidogo akilishwa na binti yake, kwangu anakataa.

Sheria ya kundi unaijua, anayejibu kwanza ndiye anayeuliza. Jumamosi ile ile, Osman akiwa nje anangojea na funguo za gari mkononi, nilimuuliza Mulki kama watalala hapa.

Mpaka leo Jumanne hajanijibu. Lakini nepi ziko kwenye kamba, nazihesabu kutoka hapa nilipokaa nikikuandikia, na zote bado zina maji.

Ndugu yako,
Baba Mulki